Wageni wa Rubondo

Ukimuuliza mtu wa Mkolani sokwe wa Tanzania wanaishi wapi, atakuelekeza Kigoma. Atataja Gombe, na kama hakuwa akisinzia darasani atataja na Mahale. Amejibu sawa, ila hajamaliza. Wapo sokwe wengine ndani ya ziwa letu hili hili, katika kisiwa cha Rubondo, upande wa magharibi ukitoka Mwanza. Hao hawakutoka Kigoma. Wazazi na mababu zao waliletwa kutoka Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969, baada ya kuishi kwenye vizimba vya bustani za wanyama na vya sarakasi.

Mimi ni mtoto wa Mkolani. Nimesoma hapa, na kila siku nilipokwenda mjini nilipanda daladala za Buhongwa zinazopita Nyegezi, Butimba na Mkuyuni, ziwa likijitokeza na kujificha nyuma ya mawe. Habari ya sokwe hao niliikuta kwenye kitabu, si nyumbani wala shuleni. Tulipomaliza chuo, wanne kati yetu tulichangishana fedha tukaenda kukaa Rubondo siku tatu, tukitembezwa msituni na mwongozaji. Humu nitaeleza tuliyoyaona, lakini zaidi nitaeleza historia iliyotangulia safari ile. Maana Rubondo huuzwa kwa watalii kama msitu ambao haujaguswa, na ukweli ni kwamba ni vigumu kutaja kisiwa katika ziwa hili kilichoguswa kwa mpango mkubwa kuliko huo.

Hadithi yenyewe inaanzia karibu na kwetu, Saanane. Kila mtoto wa Mwanza anakijua kisiwa kile kidogo cha mawe kilicho mkabala na Capri Point, kwa sababu ndiko shule zinakopeleka wanafunzi ziara. Wachache wanajua kwamba Saanane lilikuwa jina la mtu. Mzee Saanane Chawandi alikuwa mvuvi na mkulima, na kisiwa kilikuwa chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alilipwa fidia akaondoka, na mwaka 1964 Idara ya Wanyamapori ikafungua hapo bustani ya kwanza ya wanyama nchini. Kati ya mwaka 1964 na 1966 waliletwa tembo, nyati, faru, twiga, pundamilia, nyumbu, hata sokwe. Wengi walikufa. Leo Saanane ni hifadhi ya taifa, imepandishwa hadhi mwaka 2013, na jina la mzee limebaki kwenye bango la lango.

Bustani ile ilikuwa na kazi tatu: kuwafundisha wananchi kuhusu wanyamapori, kuwaburudisha, na kuwa kituo cha kuwashikilia wanyama kabla ya kupelekwa Rubondo. Hiyo ya tatu ndiyo inayonihusu hapa. Katika miaka ile Mwanza ilikuwa kama stendi: wanyama wanashushwa, wanapumzishwa, wanapakiwa tena kwenda kisiwani.

Kwa nini Rubondo? Ukitazama ramani utaelewa mvuto wake. Ni kisiwa kikubwa, nchi kavu yake ina takribani kilometa za mraba 240, na sehemu kubwa ni msitu mnene. Hakina simba wala chui. Kimezungukwa na maji, kwa hiyo mnyama hatoki ovyo na jangili haingii kirahisi. Kwa mtu aliyekuwa akitafuta mahali pa kuwaficha wanyama wasiuawe, kilikuwa kama banda lililojengwa na Mungu mwenyewe.

Mtu aliyekitazama kwa jicho hilo alikuwa Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyeongoza bustani ya wanyama ya Frankfurt tangu mwaka 1945 hadi 1974. Watanzania wengi wanamfahamu kwa Serengeti. Yeye na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo, na Januari 1959 Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka. Filamu yao ilitoka mwaka huo huo, ikapata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, na kuanzia hapo mamilioni ya watu Ulaya wakaamini kwamba Serengeti lazima iokolewe. Mwaka huo huo wa 1959, Wamaasai walikuwa wanatolewa Serengeti na kuhamishiwa Ngorongoro. Matukio hayo mawili hayakupatana kwa bahati tu. Katika fikra za wakati ule, pori la kweli lilikuwa pori lisilo na watu, na kama watu walikuwemo ilibidi watolewe ndipo liitwe pori.

Fikra hiyo haikuletwa na Grzimek peke yake, wala haikuanzia kwenye utalii. Kando ya ziwa letu ina mizizi katika maradhi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu kwa maelfu upande wa Uganda, na serikali ya Waingereza ikawahamisha wakazi wa visiwa na fukwe ili kuwatenga na mbung'o. Daktari Robert Koch wa Ujerumani alipiga kambi visiwa vya Sese mwaka 1906 na 1907 akijaribu dawa ya kuutibu ugonjwa huo. Baadaye, Tanganyika ya Waingereza nayo iliwakusanya watu wa maeneo yenye malale katika makazi maalumu, na mashamba waliyoyaacha yakageuka vichaka. Kwa hiyo Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, kuhamisha watu wa ziwani na wa porini lilikuwa jambo lililozoeleka ofisini. Wizara zilibadilisha mabosi, lakini faili zilibaki zile zile.

Rubondo ilikuwa na wenyewe. Walikuwa Wazinza, wavuvi na wakulima wa migomba. Mwaka 1965 kisiwa kilitangazwa kuwa pori la akiba, na katika miaka hiyo watu wake walihamishiwa visiwa vya jirani na pwani ya bara. Kisha wanyama wakaanza kuletwa: faru weusi, twiga, tembo, swala aina ya korongo, mbega weusi kwa weupe. Na sokwe. Mwaka 1977 Rubondo ikawa hifadhi ya taifa.

Sokwe waliletwa 17, kwa mafungu manne. Ili kuelewa walikuwa akina nani, lazima turudi nyuma zaidi ya Frankfurt. Walizaliwa porini, wengi wao Afrika Magharibi. Biashara ya sokwe ya zama zile ilifuata njia moja: mama anapigwa risasi, mtoto anang'olewa kifuani mwake, anauzwa bandarini. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini ulitiwa saini mwaka 1973 tu, kwa hiyo watoto hao walisafiri kwenda Ulaya kabla haujakuwepo. Wengine walikaa kizimbani miezi michache, wengine miaka tisa. Walikula walichopewa, wakalala penye sakafu, wakatazamwa na watu waliolipa kiingilio.

Kisha wakafunguliwa Rubondo. Hakuna aliyewafundisha jambo lolote kabla. Walilishwa kwa muda mfupi wa mwanzo, basi. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wao walipewa jembe siku ya kwanza. Na si wote walioachana na binadamu kwa amani. Madume mawili yaliwashambulia watu, yakapigwa risasi.

Waliobaki walifanya jambo ambalo wataalamu wa wanyama bado wanalitaja. Ndani ya mwaka mmoja walikuwa wakijitafutia chakula cha porini na kusuka viota vya kulalia juu ya miti. Wakazaa. Wakaanza kumkwepa binadamu. Mwaka 1985 mtafiti Markus Borner alipoandika kuhusu wao, walikuwa tayari ni sokwe wa porini kwa kila hali: wanasikika, wanaacha viota, ukiwakaribia wanatoweka. Leo ni makumi kadhaa, karibu wote wamezaliwa kisiwani, na hakuna hata mmoja aliyefundishwa usokwe na mtu.

Wenzao walioletwa nao hawakubahatika vivyo hivyo. Faru waliisha, majangili walihusika. Korongo nao wametoweka. Tembo na twiga wangalipo, na mbega pia. Ndivyo ilivyo orodha ya majaribio: aliyefaulu anawekwa kwenye picha, aliyeshindwa hatajwi.

Safari yetu ilikuwa baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025. Kwa mtu wa Mkolani hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Utoto wetu wote, kwenda Sengerema au Geita kulimaanisha kusubiri kivuko, na kusubiri kivuko kulimaanisha mahindi ya kuchoma na kukata tamaa. Safari hii basi lilitoka stendi ya Nyegezi, likavuka maji kwa dakika chache, likapita Sengerema, Geita na Chato, tukashukia njia ya Kasenda. Hapo mtumbwi wa mashine wa hifadhi ukatuvusha hadi Kageye, makao makuu ya hifadhi. Tulilala kwenye vibanda vya hifadhi vilivyo karibu na maji. Upande mwingine wa kisiwa ipo kambi ya kifahari wanakoshukia wageni wanaokuja na ndege ndogo. Sisi Waafrika Mashariki tunalipa kiingilio kwa shilingi, wao wanalipa kwa dola, na bado kwa vijana wa Mkolani ni safari ya kuwekeza akiba.

Usiku wa kwanza viboko walipanda kula majani hadi karibu na ngazi, na mwongozaji wetu akatuagiza tusitoke bila kumwita. Alikuwa kijana wa rika letu, mwenye subira, na alijua mambo ya msitu kama mama anavyojua jiko lake. Asubuhi alitukagua kwanza. Nani anakohoa? Nani ana mafua? Mwenzetu mmoja alikuwa anapiga chafya kwa vumbi la njiani. Aliulizwa maswali mpaka akaapa. Kisha tukapewa barakoa za kuvaa tukiwakaribia sokwe.

Ukali huo una sababu, na sababu hiyo nayo ni historia. Sokwe wanaambukizwa maradhi yetu. Mwaka 1966, mwaka ule ule fungu la kwanza lilipofunguliwa Rubondo, ugonjwa wa polio uliwapiga sokwe wa Gombe, ambako Jane Goodall alikuwa akiwafuatilia tangu 1960. Baadhi walikufa, wengine walipooza viungo. Kwa hiyo mafua yanayokulaza siku mbili nyumbani yanaweza kumaliza familia nzima msituni.

Tulitembea saa nyingi. Msitu wa Rubondo haukupi njia. Unapita ukiwa umeinama, mizabibu pori ikikushika mabega. Mwongozaji aliokota tunda lililong'atwa, la rangi ya chungwa, akauliza nani analijua. Rafiki yetu aliyekulia Tanga alicheka. Lilikuwa bungo, lile lile ambalo watu wa pwani hutengenezea juisi. Watafiti wamegundua kwamba mbungo ni chakula kikuu cha sokwe hawa. Nilibaki nalo mkononi. Mnyama aliyezaliwa Afrika Magharibi, akazoeshwa kula kizimbani Ulaya, alishushwa kwenye kisiwa cha Wazinza na akagundua mbungo mwenyewe, kisha watoto wake wakajifunza kwake. Hakuna aliyeandika siku hiyo, lakini ilikuwepo: siku sokwe wa kwanza alipoling'ata bungo la Rubondo na akaona linalika.

Tulionyeshwa viota, vingine vimekauka, vingine majani yake bado mabichi, vya usiku uliopita. Tukasikia sauti. Inaanza chini, kama mtu anayehema, halafu inapanda mpaka inakuwa ukelele wa kundi zima, na hapo msitu wote unanyamaza. Siku ya pili tuliona mmoja. Niseme ukweli, niliona mgongo na mkono mmoja mrefu ukishika tawi. Alitutazama kwa muda ambao hautoshi hata kutoa simu mfukoni, akashuka upande wa pili wa mti, akaondoka bila haraka. Mwongozaji alifurahi kuliko sisi. Miaka ya nyuma, alisema, asingeshuka taratibu hivyo. Angekimbia.

Furaha yake ilinifanya nifikiri sana jioni ile. Kwa miaka zaidi ya kumi sasa, kikosi cha watu kimekuwa kikiwafuata sokwe wa Rubondo siku baada ya siku, kwa mbali, bila kuwalisha na bila kuwagusa, ili wazoee kuonwa. Kazi hiyo hufanyika pia kwingine wanakotazamwa sokwe. Ina faida zake: mgeni akiwaona hulipa, na fedha hulinda msitu, wafuatiliaji wanajua nani mgonjwa, nani kazaa, nyavu za wawindaji zinaonekana mapema. Lakini hapa ina kinaya ambacho Gombe haina. Wazee wa sokwe hawa walitazamwa na watu waliolipa kiingilio. Wakapata nafasi ya kutoroka macho hayo, na watoto wao wakafuta kabisa mazoea ya binadamu. Sasa wajukuu wanafundishwa upya, taratibu na kwa heshima, kuvumilia kutazamwa na watu waliolipa kiingilio. Sisemi ni makosa. Nilikuwa mmoja wa waliolipa. Nasema hilo ni jambo ambalo mgeni anapaswa kuambiwa, kwa sababu linabadilisha maana ya anachokiona.

Mtu anaweza kusema: basi jaribio lilifaulu, tuna haja gani ya kuchimba? Jibu lake linaogelea ziwani. Katika miaka ile ile ya 1950 na 1960, wakati wataalamu waliamini kiumbe anaweza kuhamishwa kama kabati, sangara alipandikizwa Ziwa Victoria. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea, na furu, samaki wadogo wa asili waliokuwa wa mamia ya aina, wakaanza kutoweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi waliokuwa Mwanza tangu miaka ya 1970 kuwachunguza furu walijikuta wanaandika taarifa za msiba. Wakati huo huo viwanda vya minofu vikafunguliwa, ajira zikaja, na mji ukakua hadi kwetu Mkolani. Minofu ikaenda Ulaya, mapanki yakabaki kwetu. Sangara alitulisha na kutuvurugia kwa pamoja, na hakuna mtu wa Mwanza anayeweza kusema nusu moja ya hadithi hiyo bila nyingine.

Sokwe wa Rubondo na sangara ni watoto wa fikra moja. Mmoja aliishia kuwa kivutio, mwingine janga na riziki kwa wakati mmoja. Waliowaleta hawakujua mwisho wa yeyote kati yao. Ndiyo maana leo jambo kama la Rubondo lisingepita. Mwongozo wa shirika la uhifadhi la IUCN uliotolewa mwaka 2007 kuhusu kurejesha nyani wakubwa porini unataka wapimwe maradhi kwanza, waandaliwe, na wapelekwe mahali ambapo aina yao iliishi tangu asili. Rubondo haikutimiza hata moja ya hayo. Ilifaulu kwa sababu sokwe wenyewe walikuwa hodari kuliko mpango uliowaleta.

Lakini hata kipimo hicho cha kufaulu kinahesabu upande mmoja. Tuliporudi Mkolani, nilikwenda kumsalimia bibi mmoja jirani yetu, Mzinza wa upande wa Buchosa, aliyehamia Mwanza akiwa ameshaolewa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia mlikwenda Rubondo. Mliona nini?"

Nikamsimulia sokwe, viboko, nzohe tuliyemwona kwenye matete akisimama ndani ya maji hadi tumboni. Alisikiliza vizuri, akaitikia penye kuitikia.

"Na watu?"

"Watu hawapo, bibi. Ni hifadhi."

"Walikuwepo," akasema, akaendelea kuchambua dagaa wake.

Sikumhoji, na yeye hakunipa zaidi. Alikuwa amesema sentensi ambayo katika siku tatu za kutembezwa hakuna aliyetuambia. Mwongozaji wetu alitueleza ndege, miti, umri wa kiota kwa kutazama majani. Alipofika kwenye mwaka 1965 alisema kisiwa kilitangazwa kuwa hifadhi, kana kwamba kabla ya tangazo palikuwa na ukimya tu. Simlaumu. Alisema alichofundishwa kusema, na wageni wanaokuja kutafuta msitu usioguswa hawaji kuuliza habari za migomba.

Neno letu "mgeni" linabeba mzigo mzito pale. Sokwe walikuja wageni. Leo vitabu vya watalii vinawataja kama fahari ya kisiwa. Kasuku wa kijivu waliokamatwa kwa wafanyabiashara haramu nao walifunguliwa hapo, na sasa wanahesabiwa miongoni mwa ndege wa kisiwa. Mtalii anakuja mgeni, anapokelewa kwa kitambaa cha baridi. Mjukuu wa Mzinza aliyezaliwa Rubondo naye, akitaka kuona mahali babu yake alipolima, ni mgeni: atalipa kiingilio, ataongozana na mwongozaji, na ataondoka muda ukiisha. Kati ya wote hao, yeye tu ndiye uwenyeji wake uliondoka naye.

Sisemi kisiwa kirudishwe kwa mitumbwi na mashoka. Ukifika Rubondo baada ya kuona fukwe za bara zilivyokatwa miti, huwezi kusema hivyo kwa moyo mweupe. Maji yaliyo ndani ya mipaka ya hifadhi ni mazalia ya samaki ambao wavuvi wa nje wanawategemea, na misitu kama ile imebaki michache kwenye ziwa hili. Uamuzi wa miaka ya 1960 ulikuwa na bei, na ulinunua kitu cha kweli. Ninachotaka ni risiti iwe na jina la aliyelipa.

Si jambo gumu. Saanane, kwa kisiwa kidogo kilivyo, imelifanya kwa nusu: kila anayelitaja jina la kisiwa anamtaja mzee, hata asipojua. Rubondo inaweza kufanya zaidi. Wazee waliohamishwa wakiwa watoto sasa wana umri wa miaka sitini na sabini na zaidi. Wanakumbuka majina ya vijiji, mahali pa kuvulia, mahali pa kuzikia. Vyuo tunavyo, SAUT iko mwendo mfupi kutoka Mkolani, na wanafunzi wa historia wanatafuta mada kila mwaka. Simu yenye kinasa sauti inatosha kuanzia. Yakishakusanywa, yawekwe kwenye mafunzo ya waongozaji, yasimame pamoja na majina ya ndege na miti.

Sidhani hilo litapunguza watalii. Mgeni anayeambiwa kwamba sokwe aliyemtazama asubuhi ni mjukuu wa mnyama wa sarakasi, kwamba bibi yake sokwe huyo alijifunza mbungo bila mwalimu, na kwamba pale alipo kiota palikuwa karibu na shamba la ndizi la watu wanaoishi ng'ambo na wanaokumbuka, atakuwa ameona mengi kuliko aliyeuziwa msitu wa mwanzo wa dunia. Na kijana wa Mkolani atakayefuata nyuma yetu, akivuka daraja asubuhi na kufika Kasenda mchana, atakwenda akijua kwamba haendi kutazama mahali pasipo na historia. Anakwenda kwa majirani.